Siku Kumi na Mbwa wa Madamu

Mbwa aliniuma mpakani, saa nne asubuhi, mbele ya watu, na kwa dakika nzima sikuogopa kitu. Niliona aibu tu. Alikuwa mbwa mdogo, mweupe, wa manyoya yaliyochambuka kama pamba ya godoro, na mtu aliyesimama nyuma yangu na gunia la vitunguu alicheka mpaka akalitua.

“Papa, imbwa ya ukubwa wa mukate njo inakuuma?”

Nilikuwa nimebeba masanduku ya madamu. Huyo alikuwa mama wa makamo kutoka Kinshasa, mfanyakazi wa ofisi, aliyepanga fleti ya ghorofa ya pili huko Himbi, mjini Goma, si mbali na ziwa. Nilimfanyia vibarua: kuchota maji, kubeba mitungi ya gesi, kumtafutia fundi. Siku hiyo alikuwa anavuka kwenda Kigali kumuuguza mama yake, na kwa kuwa ndege hazikuwa zikiruka Goma, alipita kwa miguu kama kila mtu. Alitaka kwenda na mbwa. Upande wa pili wakamwomba kijitabu cha chanjo. Akapekua mkoba mmoja, akapekua wa pili, akaapa kwamba mbwa alichanjwa na kitabu kimebaki Kinshasa. Afisa alimsikiliza kwa adabu, kisha akatikisa kichwa. Mbwa asiye na kitabu havuki.

Madamu alimbusu mbwa wake kwenye paji, akalia kidogo, akanikabidhi yeye na funguo. Lori likapiga honi. Mbwa akajipinda mikononi mwangu, na meno yake yakazama kati ya kidole gumba na kile kinachofuata.

“Haumaka mutu!” madamu alisema, tayari akisukumwa na foleni. “Ameogopa tu. Ni juma mbili, papa. Juma mbili tu!”

Nilirudi mjini nimemficha ndani ya shati. Damu ilikuwa kidogo, matone matatu au manne, lakini nilipofika penye mteremko wa kuelekea ziwani nilisimama ghafla, kwa sababu nilimkumbuka mshona nyavu.

Nilizaliwa Vitshumbi, kwenye ziwa Edward. Niliacha shule darasa la nne, na mpaka leo siwezi kusema niliachaje. Nilitoka tu asubuhi moja kwenda kuangalia jinsi wanavyoziba mtumbwi, na sikurudi. Wakati huo jirani yetu mmoja, mshona nyavu, aliumwa na mbwa. Tulimuua yule mbwa kwa mawe siku ileile, watoto na wakubwa, na mimi nilirusha langu. Tukaona tumemaliza kazi. Wiki kadhaa baadaye mtu yule alifungiwa ndani. Nilipanda kwenye tofali nikachungulia dirishani, maana siwezi kuambiwa “usiangalie” nikatulia. Mke wake alikuwa anamletea maji kwenye kikombe, na yeye, mtu aliyeishi juu ya maji maisha yake yote, alikuwa anakimbia kile kikombe kwa mgongo, kuelekea ukutani. Alikufa baada ya siku mbili.

Kwa hiyo nilikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama mnene wa sauti ya chini, aliufungua mkono wangu chini ya bomba, akausugua kwa sabuni mpaka vidole vikajikunja kama vya mtu aliyefua siku nzima.

“Chanjo imeisha,” alisema. “Tunangojea ile ya Bukavu, itakuja na boti. Siku gani, sijui. Vuka ng’ambo leo, kule iko.”

“Sina karte, mama.”

Karte yangu ya uchaguzi, karatasi pekee iliyosema mimi ni nani, ilikuwa imezama kwenye bandari ya Kituku miezi mingi nyuma, nilipokuwa napakua samaki. Alinitazama kama mtu anayepiga hesabu.

“Basi usikilize muzuri. Imbwa iko wapi?”

Nilifungua vifungo viwili vya shati. Mbwa akatoa pua.

“Bon. Imbwa yenye ugonjwa ya kichaa haipitaka siku kumi. Ikifika siku ya kumi nzima, mate yake ya leo ilikuwa safi. Ikikufa mbele, ao ikipotea, tutahesabu ilikuwa na ugonjwa. Wewe na hiyo imbwa, ni kitu kimoja sasa. Na usiache watu waiue! Unawajua watu wetu.”

Niliwajua. Nilikuwa mmoja wao.

Sijawahi kukaa siku kumi katika nyumba moja kwa hiari yangu. Nimelala juu ya magunia ya mkaa, juu ya maharage ya Butembo, kwenye lori lililoharibika karibu na Rumangabo ambapo tulingoja kipuri na kuhesabu nyani. Nikianza kuujua mlango, natafuta mwingine. Sasa nilikuwa na fleti yenye vigae, kochi la kijani, roshani, na mbwa aliyenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemuuma.

Siku mbili za kwanza nilimwangalia jinsi mtu anavyoangalia sufuria ya maziwa. Nilimkaangia sambaza, wale dagaa wa ziwani, akala vichwa kwanza. Nilimwekea maji, akanywa, nami nikanywa glasi nzima mbele yake ili nione kama koo langu linakubali. Halafu nikasoma. Madamu aliniachia simu ya zamani yenye uniti kidogo za intaneti, na ukurasa mmoja wa Kifaransa ulieleza habari za mbwa wadogo wanaofaa kuishi kwenye fleti na kusafiri. Nilisoma polepole, neno kwa neno, kwa sababu Kifaransa changu nilikiokota bandarini. Nilijifunza kwamba wangu ni bishon, na kwamba bishon hapendi kuachwa peke yake. Kwamba wale wenye pua iliyobonyea huteseka safarini kwa kukosa pumzi. Kwamba kuna wengine walizaliwa kwa kuwinda panya na hivyo watabweka kila mlango unapogongwa, na jirani atalalamika. Kwamba mbwa wa fleti asizidi uzito wa kubebwa kwa mkono mmoja, na alale mahali tulivu, pamefungwa vizuri, pasipo na upepo.

Hilo la mwisho lilinikaa kichwani. Ukurasa ule uliandikwa na mtu asiyeijua ardhi ya Goma.

Siku ya tatu nilisikia vijana wawili wakiongea getini. Mmoja alikuwa yule wa gunia la vitunguu; kumbe aliishi barabara yetu.

“Njo hapa iko, ile imbwa iliuma mutu ku barrière ya mupaka.”

“Nyeupe?”

“Nyeupe. Tutaikamata ikishuka.”

Hawakuwa wabaya. Mbwa akiuma, anauawa. Ndivyo mtu anavyowalinda watoto wa mtaa. Lakini nilisikia jiwe langu mwenyewe la Vitshumbi likinirudia. Nilishuka nikatangaza, kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kwamba mbwa nimempeleka kwa rafiki ya madamu huko Katindo. Aliyenijibu alikuwa mzee wa ghorofa ya chini, dereva wa malori aliyestaafu, Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya mlango.

“Muzuri. Ile kondoo ilikuwa inaniharibishia udhu. Na mukono yako?”

“Kopo ya nyanya, muzee.”

“Kopo ya nyanya iko na meno ine?”

Nilikwenda nyuma ya nyumba. Kule kulikuwa na depo ya madamu, chumba kilichochimbwa ndani ya mawe ya volkano, ngazi nane kwenda chini, ambamo aliweka mkaa na masanduku matupu. Kulikuwa na kitanda cha chuma kilichoinuliwa juu ya matofali manne. Mlango ulikuwa wa mbao nzito. Nikamshusha mbwa ndani ya beseni la nguo, nikaziba tundu la hewa kwa katoni ili sauti yake isitoke, nikasukuma kitambaa chini ya mlango ili asipate mwanya wa kutorokea. Nikamtandikia shuka kuukuu sakafuni, mimi nikalala kitandani. Palikuwa tulivu. Pamefungwa vizuri. Hapakuwa na upepo hata kidogo.

Niliamka siku ya nne na kichwa kinauma kama kimefungwa waya.

Nilijua maana yake. Ukurasa mwingine wa simu, ule wa ugonjwa, uliandika kwamba huanza na maumivu ya kichwa. Haukusema baada ya siku ngapi kwa hakika, ulisema inategemea. Neno lile, inategemea, nililibeba siku nzima. Mbwa naye aliamka vibaya. Alisimama, miguu ya nyuma ikaenda upande, akakaa. Alihema upesi, mdomo wazi, na mate kidogo yalining’inia. Nikayatazama yale mate nikiwa nimejibandika ukutani.

Kila mchana, mzee alipokwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri, nilimpandisha mbwa fletini nimemfunika kwa nguo chafu. Baada ya saa moja huko juu alikuwa mzima, anakula, anazungusha mkia. Na kichwa changu kilitulia. Jioni tunashuka. Asubuhi, yaleyale, na mabaya zaidi. Siku ya tano alitapika. Siku ya sita hakuniitikia mpaka nilipomwinua. Nilijiuliza ni ugonjwa gani huu unaoenda kwa saa, lakini hofu haiachi swali likae. Niliona miguu ya nyuma inalegea, na nilikuwa nimesoma kwamba miguu ya nyuma hulegea. Nikaanza kupanga mambo. Nani atamwambia mama yangu Vitshumbi, na kwa barabara ipi, kwa kuwa barabara ya kwenda huko ilikuwa inafungwa na kufunguliwa kama mlango wa duka. Ni nani atakayeniletea maji. Kila asubuhi nilikunywa kikombe kizima, nikisikiliza koo. Siku ya saba kilinikwama, nikakohoa, nikakaa kitandani mpaka nikagundua nilikuwa nimesahau kupumua.

Asubuhi ya nane mbwa hakusogea.

Umeme ulikuwa umekatika na simu imekufa. Niliwasha mshumaa nikiwa bado nimekaa kitandani, kichwa kinapasuka, nikamwona chini kwenye shuka lake, amelala ubavu, pamba iliyotupwa. Niliushusha mshumaa ili nione kama kifua kinainuka. Mwali ukarefuka, ukalala upande, ukazimika.

Nikawasha tena. Nikaushusha. Ulizimika palepale, kwenye usawa wa goti, kana kwamba nimeutia ndani ya maji.

Nilipaswa kukimbia. Badala yake niliuwasha mara ya tatu, na nitasema ukweli, nilifanya hivyo kwa sababu nilitaka kujua. Niliushusha taratibu kabisa, nikaona moshi wa utambi ukitandaa juu ya kitu kisichoonekana, tambarare, kama ukungu juu ya ziwa. Hapo ndipo nywele ziliponisimama. Nilirukia mlango, nikapanda zile ngazi kwa mikono na miguu.

Mzee alikuwa uani na birika lake.

“Muzee! Mushumaa inakataa chini!”

“Chini wapi?”

“Ndani ya depo.”

“Na wewe unafanya nini ndani ya depo?” Halafu uso wake ukabadilika. “Unalalaka mule? Mazuku, wewe! Mule hata kuku hatuwekaka! Kila mutu wa hii nyumba anajua!”

Neno nililijua. Mazuku ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini, inayojikusanya mabondeni. Lakini nilidhani ni jambo la mashamba, la kule ziwa la kijani ambako mbuzi hukutwa wamekufa kwenye majani mabichi. Sikujua kwamba inaingia nyumbani, na kukaa sakafuni kama mpangaji. Na hakuna aliyeniambia, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba nalala humo.

“Imbwa iko ndani,” nilisema.

“Imbwa gani? Si ulisema iko Katindo?”

“Iliniuma, muzee. Leo siku ya nane. Ikikufa sitajua kama ni ugonjwa. Njo maana niliificha.”

Alinitazama, akatazama mkono wangu, akaenda barazani kwake kwa hatua ndefu ambazo sikujua anazo. Alirudi na rakleti, ule mpira wenye mpini mrefu wa kusukumia maji sakafuni, ambayo kila nyumba ya Goma inayo.

“Acha mulango wazi. Piga ile katoni itoke. Vuta pumzi huku juu, uifunge, ushuke. Na usiiname! Hata ukiona dolari mia, usiiname.”

Nilishuka. Nilipiga katoni kwa mpini ikaanguka nje. Macho yaliwasha. Nikaweka mpira wa rakleti nyuma ya shuka, nikavuta, na shuka likaja na mbwa juu yake, bila uzito wowote, na hicho ndicho kilichonitisha zaidi. Kifua kilinibana. Nikapanda, nikapumua, nikasikia mzee akihesabu kitu kwa sauti ya chini, labda alikuwa anaomba. Nikashuka tena. Nilimvuta mpaka ngazi ya kwanza, lakini rakleti haipandishi ngazi. Mpira uliteleza, shuka likarudi nyuma.

“Toka!” mzee alipiga kelele. “Toka kwanza!”

Mara ya tatu nilijua lazima niiname. Nilijaza mapafu mpaka mabega yakapanda, nikashuka, nikafumba macho na mdomo, nikajikunja. Mkono mmoja ulipata pembe ya shuka. Mwingine ulipapasa jiwe, ukapapasa jiwe, ukapata pembe ya pili. Sijui ilikuwa muda gani. Nilikuwa na hakika kamili kwamba nikikosea na kuvuta pumzi moja tu, mzee ataingia kunifuata, naye atainama. Nikanyoosha mgongo na kupanda nikiwa nimeshika lile shuka kama gunia.

Tulimlaza ngazi ya juu kabisa, kwenye jua. Mzee alisimama hatua tatu nyuma, akachukua ile katoni, akaanza kumpepea kutoka hapo.

“Wewe mushike. Mi napepea. Mate yake ibaki yako.”

Muda ulipita bila kitu. Kisha ubavu ukaruka, mara moja, kama samaki aliyetupwa ndani ya mtumbwi. Ukaruka tena.

Mzee aliendelea kupepea mpaka mbwa alipofungua jicho. Ndipo alipotupa katoni.

“Unaogopa ugonjwa ya imbwa, unaenda kujizika wewe mwenyewe! Umesoma wapi?”

“Darasa la nne, muzee.”

“Inaonekana.”

Alinionyesha mbwa wa mtaa, wale wa kahawia wenye miguu mirefu. Mmoja alikuwa amelala juu ya rundo la mawe meusi, mwingine juu ya ukuta. Kwa miaka yote niliyopita Goma nilidhani wanafuata jua. “Ile inajua,” mzee alisema. “Imezaliwa hapa. Yako pua yake iko hapa.” Akapima kwa kiganja, chini kidogo ya goti lake. Mbwa wa fleti, wa kubebwa kwa mkono mmoja. Nikafikiria ule ukurasa, na yule aliyeuandika, ambaye pengine hajawahi kuogopa sakafu.

Ningependa kusema kwamba hofu iliishia hapo. Haikuisha. Mazuku yalieleza vichwa kuuma na miguu kulegea, lakini hayakueleza kwamba mbwa alikuwa salama. Angeweza kuwa na vyote viwili. Tulihamia tena fletini, na mzee mwenyewe alikwenda getini kuongea na wale vijana. Sikusikia alichowaambia, ila tangu hapo waliniita daktari. Mbwa alilala juu ya kochi la kijani na mimi nikalala kwenye kiti, mkono wangu juu ya mbavu zake, nikihesabu.

Siku ya kumi, asubuhi na mapema, nilimbeba mpaka kituo cha afya. Nilikuwa nimeoga. Muuguzi alimwangalia mdomoni, akamwangalia macho, akamwachia atembee juu ya meza.

“Iko muzuri. Kesho utarudi.”

“Kesho? Leo siku ya kumi, mama!”

“Siku ya kuumwa hatuihesabu. Tunahesabu toka asubuhi yake.” Aliona uso wangu. “Chanjo haijafika bado. Siku moja tu, papa. Umevumilia tisa.”

Siku ile moja ilikuwa ndefu kuliko zote. Nilirudi nimembeba kifuani, ingawa alijipinda akitaka kushuka, na wanawake wa sokoni walinitania: “Papa, si umununulie viatu?” Sikumweka chini. Kila shimo la barabara, kila mfereji, kila kona yenye kivuli ambayo nilikuwa nimeipita mara elfu, niliiona imejaa mpaka ukingoni. Fletini alikula, akanywa, akalala. Alipolala niliogopa, nikamwamsha. Alipoamka na kupiga miayo niliogopa mdomo wake. Alipokwaruza sikio niliona miguu ya nyuma na kuihesabu, mbili, mbili, bado mbili. Mzee aliniletea chai, akaiacha mlangoni kwa sababu ya mbwa, akakaa nje ya mlango.

Asubuhi muuguzi hakuningoja nifike. Alipita getini akiwa njiani kwenda kazini, mkoba begani, mwavuli mkononi.

“Iko wapi?”

Nilisimama kwenye ngazi nikamwinua juu ili amwone. Mbwa aliona mwavuli, akaubwekea, kwa hasira, kwa sauti nyembamba iliyokwenda mpaka barabarani na kurudi.

“Basi,” muuguzi alisema. “Imekwisha. Nenda ukafanye kazi.”

Akaenda zake. Mzee, mlangoni kwake, aliziba masikio. “Kumbe kondoo iko na sauti vile!” Nilikaa palepale kwenye ngazi nimemshika mbwa kwa mikono yote miwili, naye aliendelea kubweka.